Dada, peasi ya Williams haiivii mtini

Juzi dada mmoja wa Birmingham kanitumia meseji, "peasi zangu nje nzuri za njano, nikikata katikati zimeoza, nimekosea wapi?" Nikajiona mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma.

Nilivyohamia hapa Reading, Uingereza, nilikuta mpeasi uani, jirani akaniambia huo ni Williams, mbegu ya zamani ya hukuhuku Berkshire, kijiji cha Aldermaston, tangu 1770 hivi. Muuza miche mmoja wa London, Richard Williams, ndo aliusambaza ukabeba jina lake. Marekani wanauita Bartlett, sababu bwana Enoch Bartlett alinunua shamba akaikuta miti hajui inaitwaje akauza kwa jina lake, mpaka 1828 ndo wakagundua kumbe peasi ni ileile.

Basi nikangoja ziwe njano. Kila asubuhi kabla ya kazi nazihesabu, 41. Mwezi wa tisa zimependeza nikaita watu, nikakata mbele yao, ya kwanza kahawia, ya pili kahawia, kuzunguka mbegu imekuwa kama uji. Mgeni mmoja akasema "nyie si mmezoea maembe tu". Neno hilo bado linaniuma mpaka leo.

Peasi hii inaanza kuiva ndani, nje inafuata, ukiiona njano mtini ujue ndani ishakwisha. Chuma ingali kijani na ngumu, mwisho wa mwezi wa nane. Ishike kiganjani uinyanyue mpaka ilale, kikonyo kikiachia chenyewe tayari, kikigoma iache. Alafu vundika! Jamani si ndo bibi zetu wanavyofanya ndizi? Bibi yangu Tukuyu kavundika ndizi maisha yake yote, majani ya kufunikia nilikuwa nabeba mimi, nimefika Ulaya nikajifanya sijui kitu. Na tuko wengi, tukivuka maji tunaona ya kwetu ni ushamba, tunangoja mzungu atufundishe tulichokulia. Tuache hiyo tabia.

Sasa hivi nazipanga kwenye boksi la viatu na ndizi mbivu moja, nafunika. Siku ya sita nabonyeza shingoni karibu na kikonyo, ikibonyea kidogo imeiva, chumba kizima kinanukia miski. Nyama yake laini nyeupe, inayeyuka mdomoni, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kula siku hiyohiyo, kesho yake inakuwa mlenda.

Dada, kama kuna za kijani zimebaki mtini kwako, kazichume leo.