Usiguse Mashine Kabla Hujajua Mafuta Yanarudia Wapi

Pampu ya gia ya kwanza niliyojitengenezea ilizunguka laini kabisa, na hapo ndipo iliponidanganya. Ilikuwa na gia mbili za chuma, kila moja meno 12, moduli 2 (kipimo cha ukubwa wa jino), upana milimita 15, ndani ya bodi, yaani ganda la pampu, ya alumini. Kwa hesabu, kila mzunguko ulipaswa kutoa kama mililita 4.5 za mafuta, yaani lita 4.5 kwa dakika shafti ikienda mizunguko 1,000. Nikaweka ndoo, nikashika saa. Lita 1.6.

Wewe unayeanza, tafadhali usifanye nilichofanya baada ya hapo. Nilikimbilia mashine ya kuchongea. Niliamini gia zimepwaya, nikachonga nyingine mbili kwa siku mbili nzima, nikazifunga, nikarudi kwenye ndoo. Lita 1.7.

Kitu ambacho sikuwa nimekaa chini kukifikiria ni njia ya mafuta yenyewe. Wengi tunadhani yanapita katikati, pale meno yanapokutana. Sivyo: yanabebwa kwenye mabonde ya meno, yanazungushwa pembeni kufuata ukuta wa bodi, na pale katikati meno yanayoshikana yanayazuia yasirudi yalikotoka. Kwa hiyo yakirudi, yatapita juu ya ncha za meno, au katikati, au ubavuni mwa gia, kati ya gia na kifuniko. Ubavuni ndiko kunakotuponza, kwa sababu huwezi kuona ukishafunga.

Na mwanya hauna huruma. Ukiwa mwembamba hivyo, uvujaji hauongezeki sawasawa na mwanya; mwanya ukizidi mara 2, uvujaji unazidi mara 8. Mimi nilikuwa nimechimba bodi kina cha milimita 15.04, kazi niliyojivunia. Kisha nikaweka gasketi ya karatasi chini ya kifuniko, ambayo hata baada ya kubanwa ilibaki na unene wa kama milimita 0.12. Mwanya wa 0.04 ukawa 0.16. Hiyo ni mara 4, na uvujaji wa ubavuni mara 64. Gasketi niliyoiweka ili mafuta yasitoke nje ndiyo iliyoyafungulia mlango wa ndani.

Marekebisho hayakuhitaji hata kuwasha mashine. Nilitoa gasketi, nikalaza msasa laini juu ya kioo kinene, nikaudondoshea mafuta kidogo. Uso wa bodi niliuchora mistari ya kalamu ya wino kila upande, nikausugua polepole kwa mwendo wa namba nane, nikigeuza bodi robo mzunguko kila baada ya muda mfupi ili mkono wangu usilalie upande mmoja. Mistari ilifutika kwanza kuzunguka matundu ya bolti: kumbe tepu, kifaa cha kukatia nyuzi za bolti, ilikuwa imeinua kingo za matundu, na kifuniko kilikuwa kinakaa juu ya vilima hivyo. Endelea hadi wino ufutike kote, lakini pima mwanya mara kwa mara, kwa sababu kila msuguo unapunguza kina. Gia zikianza kulingana na uso wa bodi, nazo zisugue kidogo ubavuni. Kisha osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, uoshe tena. Chembe za msasa hujichimbia kwenye alumini na kukaa humo zikila shafti. Mimi nafunga kifuniko kwa gundi ya kuzibia ile inayoganda pasipo hewa, tabaka jembamba tu, mbali na gia.

Matundu ya shafti ni habari nyingine. Kwa gia hizi, kutoka kitovu hadi kitovu ni milimita 24, na huwezi kulipata hilo kwa mstari uliochorwa na drili ya mkono. Tundu la shafti na shimo la gia yake yatoboe bodi ikiwa imefungwa mara moja tu kwenye mashine, bila kuifungua katikati. Kama tayari umekosea, bodi bado ni nzima: panua tundu, gongomea kipande cha shaba, kisha toboa upya mahali sahihi.

Baada ya saa chache za kazi fungua pampu usome alama. Presha huzisukuma gia kuelekea upande wa kuvuta, kwa hiyo mng'ao mwembamba kwenye ukuta wa upande huo usikutishe. Mkwaruzo ukiwa upande wa kutolea, matundu yako yamehama.

Jambo moja naliomba kwa dhati: usiwashe pampu ya gia bila valvu ya usalama, ile inayofunguka na kuachia mafuta presha ikizidi. Ukifunga njia ya kutolea, pampu hii haisimami kwa hiari. Inasukuma hadi mpira upasuke au kifuniko kinyanyuke, na mafuta ya moto yanaruka usawa wa macho yako. Vaa miwani hata kwa jaribio la dakika moja.

Pia mimina mafuta ndani kabla ya kuwasha. Gia kavu hazivuti hewa vizuri, na utadhani umeharibu kitu. Yangu, siku ile, ilikohoa mapovu mara mbili tatu kwenye ndoo, kisha mkondo ukatulia. Saa ilipofika dakika moja nilipima lita 3.9, kwa zilezile gia za kwanza, ambazo nilikuwa nimezirudisha.