Wanne wamemaliza chuo, je timu ya kikapu ya dada zetu itaweza msimu huu?

Safari hii barua za kikapu zimekuja nyingi na nimefurahi kweli, maana miezi yote mmekuwa mnaniuliza soka tu. Naanza na ya huyu mdogo wangu wa Tabora kwa sababu ameandika kwa uchungu, hizo nyingine mbili nimezijibu kwa kifupi huko chini.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kimoja hapa Tabora mjini, nacheza timu ya kikapu ya wanawake. Msimu uliopita tulifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo tukafungwa kwa pointi 3, tulilia sana siku ile. Sasa wanne kati ya watano wa kikosi cha kwanza wamehitimu, amebaki senta peke yake, yule anayecheza karibu na ringi. Mimi nilikuwa benchi, mazoezini kazi yangu ilikuwa kumbana pointi gadi wetu, yule anayepandisha mpira, ila kwenye mechi naingia dakika za mwisho mechi ikiwa imeshaisha. Wa mwaka wa kwanza wamejitokeza wanane lakini sita wote ni wa netiboli, hata kudribo hawajui. Watu chuoni wanasema mwaka huu tusiende, tutatia aibu. We unaonaje dada, tuna nafasi kweli?
Msomaji, Cheyo, Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nafasi mnayo, ila mtaanza vibaya, na nataka mlijue hilo mapema ili mkifungwa mechi mbili za kwanza msianze kutafuta mchawi.

Kuna timu ya chuo kimoja Marekani, South Carolina, kocha wao ni mwanamama anaitwa Dawn Staley. Msimu ulioisha 2023 walishinda mechi 36 bila kufungwa hata moja, wakaja kuchapwa nusu fainali na Iowa, chuo kingine cha huko huko alichokuwa anachezea nyota Caitlin Clark, 77 kwa 73, alafu wale watano waliokuwa wanaanza wakaondoka. Watano wote, nyie mmeondokewa na wanne. Msimu uliofuata wakacheza mechi 38 wakashinda 38, na kwenye fainali ya tarehe 7 Aprili 2024 wakakutana na Iowa hao hao wakawafunga 87 kwa 75. Sasa usiichukue juu juu ukawaambia wenzio mambo ni rahisi, maana walioingia hawakuwa wageni. Kamilla Cardoso, yule Mbrazili mwenye urefu wa mita 2, ule msimu wa kufungwa alikuwa anatokea benchi lakini alikuwa anacheza dakika za kweli, mechi ikiwa bado ya moto, ndo mana alipopewa nafasi akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya nusu fainali na fainali. Wewe unaniambia ulikuwa unaingia mechi ikiwa imeshaisha. Basi shida yenu iko hapo, kuondoka kwa wale dada wanne ni nusu tu ya habari. Makocha wetu wengi wanaogopa kufungwa, wanawachosha watano wale wale mpaka robo ya nne miguu haibebeki, na sitashangaa zile pointi 3 za nusu fainali kama zilitokea humo humo. Ongea na kocha, kwa adabu, mwambieni mechi za kirafiki zote kabla ya msimu kila mtu aingie robo ya kwanza na ya pili, matokeo yawe vyovyote.

Sasa hao sita wa netiboli. Hapa nakaa kidogo maana naona wanadharauliwa bure, na mi mwenyewe nilitokea huko huko. Goli la netiboli liko mita 3.05 kutoka chini, na ringi ya kikapu iko mita 3.05, ni urefu ule ule kabisa. Ila ringi ya netiboli ina upana wa sentimita 38 na haina ubao nyuma, ya kikapu ina sentimita 45 na ubao upo wa kugongesha. Yani binti aliyevaa GS, yule mfungaji wa netiboli, sekondari miaka minne amekuwa anafunga kwenye tundu dogo kuliko lenu bila msaada wowote, alafu mtu anakaa kwenye benchi chini ya mwembe anasema hajui kitu! Mwambie kocha huyo aanze kurusha leo leo, akishazoea uzito wa mpira atawashangaza. Na angalia mikono yao, netiboli ukidaka una sekunde 3 tu na huruhusiwi kutembea na mpira, kwa hiyo wamezoea kudaka, kutua vizuri, kuzungukia mguu mmoja na kutoa pasi kabla mtu hajafika. Wachezaji wengi wa kikapu huku kwetu hilo hawana, wanadribo wanadribo mpaka wanaporwa.

Watakachosumbuka nacho ni kugusana. Kwenye netiboli mkabaji anakaa mbali sentimita 90, huku anakuja mpaka kifuani, anakuwekea mkono usoni, anakusukuma kwa kiuno mkigombea ribaundi, mpira uliokosa ringi, na binti ambaye hajazoea atauachia mpira mwenyewe kwa woga. Dawa yake ni wavulana. Kwa timu za wanawake za vyuo Marekani kufanya mazoezi dhidi ya wanafunzi wa kiume ni jambo la kawaida kabisa, hao wavulana kazi yao ni kubana tu. Na nyie waombeni wa timu ya kiume mara mbili kwa wiki, wawabane kweli wasiwahurumie. Mwezi mmoja tu utaona tofauti.

Kudribo sio lazima wote sita wajue sasa hivi. Mnahitaji mmoja wa kupandisha mpira na mwingine wa kumpokea, basi. Hilo ndo swali ambalo hukuniuliza na mi ndo linaniumiza kichwa kuliko yote, nani atapandisha mpira? Mna sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja, na timu zikisikia kwamba pointi gadi wenu kaondoka watakuja kuwakaba uwanja mzima toka dakika ya kwanza, mimi ningekuwa kocha wao ningefanya hivo. Hebu piga hesabu na mimi, mechi ni robo nne za dakika 10, hizo ni sekunde 2400, kila shambulizi likitumia sekunde zote 24 zinazoruhusiwa mnapata mashambulizi 100, yani 50 kila upande. Mkipoteza mpira mara 20 mmebaki na 30 tu ya kutafuta pointi, hapo hata mkiwa na senta mzuri namna gani mpira haumfikii.

Na jibu lake ni wewe mdogo wangu. Umeandika kama vile ni kitu kidogo, kwamba kazi yako mazoezini ilikuwa kumbana pointi gadi. Mwaka mzima umeangalia miguu yake, unajua anageukia wapi akibanwa, unajua pasi yake kwa senta inatokea upande gani. Hapo chuoni hakuna mwingine anayeyajua hayo. Nenda uwanjani kabla ya wenzio, mkono wa kushoto peke yake nusu saa kila siku, mwambie senta akae pale pale anapokaa siku zote umtafute kwa pasi ya chini ya kudunda. Jua la Oktoba hapo Tabora nalijua linavyochoma, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi au kumi na moja jioni, na fanyeni sasa kabla ya mvua za Novemba maana sementi ikilowa mtu anavunjika mguu.

Kingine ni fri throo, ile mitupo ya bure baada ya faulo. Timu ikishafikisha faulo 4 kwenye robo, kuanzia ya 5 mnapewa mitupo 2, na timu changa kama yenu itafaulishwa sana. Kila mtu arushe 50 mwisho wa mazoezi akiwa ameshachoka, sio mwanzo.

Mi naona mechi za mwanzo mtafungwa, katikati ya msimu mtaanza kuwasumbua watu, na nusu fainali tena inawezekana. Ubingwa siahidi. Niandikie baada ya mechi ya tatu.

SWALI: Habari dada. Mimi ni mwalimu wa michezo, chuo tumenunuliwa mipira mipya ya kikapu, yote ni saizi 7. Mabinti wanailalamikia, wanasema ni mizito. Niwasikilize au ni uvivu?
Mwalimu, Mwanga, Kigoma

JIBU: Wasikilize mwalimu wangu, sio uvivu. Saizi 7 ni ya wanaume, ina gramu 580 hadi 620, ya wanawake ni saizi 6, gramu 510 hadi 550, na ni ndogo kidogo kwa mzunguko. Wakizoea 7 siku ya mechi wakipewa 6 mitupo yote itapita juu. Waachie wavulana hiyo, omba hata mpira mmoja wa saizi 6 ndo wafanyie mazoezi ya kurusha.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu amechaguliwa timu ya chuo lakini kuna mtu kamwambia kwenye mashindano hawezi kuruhusiwa na hijabu. Mi sitaki avue na sitaki aache mchezo, anaupenda mno. Ukweli ni upi?
Baba, Gongoni, Tabora

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu. Asivue na asiache. Zamani kweli ilikatazwa, lakini FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walibadilisha kanuni mwaka 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka ule. Iwe nyeusi, nyeupe au rangi ya jezi ya timu, isizibe uso, isiwe na pini wala kitu cha kufunga na kufungua shingoni, na isiwe na ncha zinazoning'inia. Wenzake wanaovaa nao wavae rangi hiyo hiyo. Fundi yeyote hapo mjini anaweza kumshonea ya kitambaa cha kuvutika cha jezi, mshonee mbili ili moja ikiwa imefuliwa avae nyingine, na siku ya mechi ya kwanza nenda ukamwangalie mzee wangu, atafurahi sana.