Rangi ya mjusi isikuharakishe

Mjusi wa kwanza niliyemnunua kwa sababu ya rangi alinigharimu mara mbili ya bei ya wenzake. Alikuwa Phelsuma grandis, yule mjusi mkubwa wa mchana anayetoka kaskazini mwa Madagaska, umri miezi minne, mgongo umetapakaa wekundu. Alipotimiza mwaka na nusu, wekundu ule ulikuwa umebaki madoa machache tu, sawa na ndugu yake wa bei ya chini. Muuzaji hakuniibia. Mimi ndiye niliyenunua mtoto kwa bei ya mtu mzima.

Kwa hiyo wewe unayeanza, omba uonyeshwe wazazi. Na usiende kuwaona alfajiri. Mjusi mwenye baridi, au aliyetoka kushtuliwa, hugeuka kijani cha giza hadi kukaribia kahawia, kwa kuwa rangi nyeusi imetanda katika seli za ngozi. Niliwahi kumtenga mmoja nikiamini nimepata mjusi adimu wa rangi ya zeituni. Nikabadilisha balbu iliyoungua, akajilaza chini ya joto, na chai yangu haijapoa akawa kijani cha jani la mgomba kama wengine wote.

Kijani chenyewe si rangi moja. Juu kuna seli za manjano, chini yake fuwele zinazorudisha mwanga wa buluu, na jicho linavichanganya. Manjano yakipungua kwa kurithi, unapata mjusi wa kibuluu. Lakini ngozi iliyofifia tu, mara nyingi inadai taa ya UVB, ile yenye miale kama ya jua, na unga wa kalisiamu kwenye nyenje.

Wakati mwingine rangi ni jinsia. Mtazame Lygodactylus williamsi, mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza, Morogoro: dume buluu kali, jike kijani. Kuna watu huuliza bei ya "aina ya kijani"! Dume mchanga naye huwa kijani, basi hata hilo jike usiliamini haraka. Mjusi huyu yumo tangu 2017 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini; hiyo ndiyo orodha ya wanaolindwa zaidi. Asiye na karatasi za kuthibitisha kuwa kazaliwa kwa mfugaji, mwache.

Ukitaka kulinganisha, piga picha chini ya taa ileile, saa ileile, kila mwezi, na uandike mayai ni ya jozi ipi. Usimshike mkononi: ngozi ya Phelsuma hunyofoka ikabaki vidoleni. Mtie kwenye kikopo angavu. Jike wangu mmoja ana kovu begani, la siku niliyotaka kuwaonyesha wageni madoa yake.