Kutapika si sehemu ya mkanda wa tumbo

Nilifungwa mkanda wa tumbo, ule wa kupunguza unene unaowekwa ndani kwa upasuaji, mwaka 2014, hapa Birmingham, Uingereza, ninapoishi. Mwaka wa kwanza ulinifaa sana: nilipungua kilo 27, na dawa za presha nikapunguziwa. Mwaka wa pili nikaanza kutapika karibu kila siku, na nikawaficha wote, hata mume wangu. Nilijiambia ndivyo mkanda unavyofanya kazi. Kama wewe nawe unafungulia bomba la maji bafuni ili watu wasikusikie, tafadhali nisome mpaka mwisho.

Wengi huchanganya mkanda na puto la kupunguza unene, lile linalowekwa hata kwetu Tanzania, pale hospitali ya Muhimbili-Mloganzila. Puto hupitishwa mdomoni, likajazwa ndani ya tumbo, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Mkanda ni pete ya silikoni inayozungushwa nje ya tumbo, sehemu ya juu kabisa, chini kidogo ya umio. Kuna kimrija kinachotoka kwenye pete hadi kwenye poti, yaani kidude cha kuchomea sindano, iliyoshonwa chini ya ngozi. Muuguzi akichoma sindano kwenye poti akaongeza maji ya chumvi, pete inakaza. Akiyavuta, inalegea. Basi ukibanwa mno, dawa ipo, na ni ya dakika chache. Mimi nilijua hilo. Nilikuwa naogopa kunenepa tena, kwa hiyo kliniki sikwenda.

Kumbe nilikuwa nanenepa vilevile. Mkanda ukikaza kupita kiasi, kuku na samaki hawapiti, lakini aiskrimu, chokoleti na biskuti zilizochovywa kwenye chai hupita bila shida. Unaacha chakula cha maana, unaishi kwa vitamu.

Mwaka 2016 tulikwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Wifi yangu akaniwekea chapati na nyama, akaniambia, "Kula wifi, umekonda mno." Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Tonge la pili lilikwama. Kifua kikauma katikati kama nimemeza jiwe, mate mazito yakajaa mdomoni, nikatoka kutema povu jeupe. Kesho yake hata maji hayakushuka. Hospitali walinipokea vizuri na kunitundikia dripu, lakini hakukuwa na mtu aliyewahi kugusa mkanda. Usiku ule tukaondoka kwa gari kwenda Dar es Salaam. Daktari wa upasuaji huko alizungumza kwa simu na kliniki yangu, kisha akayavuta maji yote kwenye mkanda. Palepale nilikunywa nusu kikombe cha maji, nikalia.

Picha ya tumbo niliyopigwa niliporudi Birmingham ilionyesha mkanda umeteleza: sehemu ya tumbo ilikuwa imepanda juu yake. Daktari alinieleza kwamba kutapika mara kwa mara huchangia hilo, na kwamba tumbo lililonaswa hivyo linaweza kukosa damu. Ile siri yangu ya bafuni ingeweza kuniua.

Sasa kuhusu chakula. Majuma ya mwanzo baada ya upasuaji ni vyakula vya majimaji tu, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Vigumu husubiri hadi kama juma la sita. Fuata ratiba ya kliniki yako, usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Baada ya hapo, vinavyokwama zaidi kwetu ni chapati, mkate laini, ugali, wali mkavu, nyama yenye nyuzi na pweza. Mimi hushiba kwa samaki wa mchuzi, mayai, maharage yaliyoiva hasa, mtindi mzito na mchicha uliokatwa mdogo. Protini huanza, nikilenga gramu 60 kwa siku. Tonge ni dogo mno, na hutafunwa mpaka liwe uji. Sinywi maji pamoja na chakula, nasubiri nusu saa. Soda niliacha.

Kazi kubwa ni sinia. Watu wanakula pamoja, wewe unaomba kisahani chako, na wenyeji wanahisi umewadharau. Nilichojifunza ni kuwaambia wakubwa mapema, kabla sijafika. Nilimpigia shangazi simu nikamweleza nimefanyiwa upasuaji wa tumbo na nakula kidogo kwa amri ya daktari. Hakuuliza zaidi, na siku ile yeye ndiye aliyenitetea. Ramadhani nayo ina taabu yake, kwa sababu maji ya kutosha lazima yaingie usiku kwa mafunda madogo. Zungumza na daktari kabla ya kufunga.

Usilale nyumbani na haya: kushindwa kumeza maji au mate, maumivu makali ya tumbo, kikohozi cha usiku kinachokuja ukilala chali, ngozi ya kwenye poti kuwa nyekundu au kutoa usaha hata baada ya miaka, au kushtukia unakula sahani nzima bila kubanwa. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kumaanisha mkanda umetoboa ukuta wa tumbo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, uliza kwanza. Ukipata ujauzito, iarifu kliniki yako mapema, kwani huenda mkanda ukalegezwa.

Na kama umetapika kwa majuma, mwambie daktari kabla hajakuwekea dripu ya glukosi. Mwili huishiwa vitamini B1, na glukosi bila vitamini hiyo inaweza kudhuru ubongo. Miguu ikifa ganzi au ukiyumba unapotembea, hiyo ni dharura.

Mkanda wangu bado upo, lakini una maji kidogo kuliko zamani. Kila ninaposafiri, ndani ya pasipoti naweka barua ya kliniki yenye aina ya mkanda, kiasi cha maji kilichomo na namba ya simu ya zamu. Nakala yake anayo wifi yangu, Tanga.