Kaa amenyang'anywa uso

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza kama kuna haja ya katuni za zamani za Disney kurudiwa na waigizaji wa kweli. Mi naichukua The Little Mermaid maana zote mbili nazijua vizuri, ile ya 1989 na hii ya 2023 ya Rob Marshall ambayo Halle Bailey ndo Ariel, yule binti nguva.

Naona haja ipo, ila pale tu wanapothubutu kutengeneza kitu chao. Hii wamethubutu nusunusu na ndo kinachoniuma.

Mchukue Sebastian, yule kaa. Kwenye katuni ana mdomo mkubwa, akishtuka taya linadondoka, yani mchoraji kampa uso wa mtu unacheka hata kabla hajasema kitu. Huku kwenye hii mpya wamemfanya kaa kama wale wa pale soko la samaki feri, macho juu ya vijiti, Daveed Diggs anajitahidi sana kwa sauti lakini inatoka kwa kiumbe asiyeweza hata kununa. Flounder, yule rafiki wa Ariel, ndo kabisa, samaki tu. Na ule wimbo wa Under the Sea, zamani samaki wenyewe ndo bendi, kila mtu na chombo chake, sasa hivi wanapendeza na wanacheza kwa mpangilio ila hawana habari na wimbo. Pesa inaonekana, raha hamna.

Lakini Halle jamani! Part of Your World anaiimba mpaka vinyweleo vinasimama, na wale waliomshambulia mtandaoni kisa rangi yake, tena kwa nguva wa hadithi, walimkosea sana.

Na kuna kitu hapa wamekipatia kuliko katuni. Kule 1989 Ariel hana sauti, kampa yule mchawi Ursula, yuko na mwanamfalme Eric kwenye mtumbwi, Sebastian ndo anamnong'oneza Eric jina la binti. Huku Eric anamwonyesha nyota, wanafika kwenye kundi la nyota la Aries, na Ariel bila kutoa neno anamwongoza mpaka jina linatoka mdomoni mwa Eric mwenyewe. Hapo unaelewa kwa nini wamependana, hawa wawili wameshakaa chumbani kwa Eric na ramani na vitu vya baharini alivyokusanya, wote wana hamu ya kujua dunia ya mwenzake. Katuni ya dakika 83 haikuwa na nafasi hiyo, hii ina 135. Ila sehemu ya hizo dakika wameimaliza kwa ile rap ya yule ndege Scuttle ambayo ningeifuta yote.

Hata mwisho wamebadilisha, Eric ndo alikuwa anamuua Ursula na meli, sasa hivi Ariel mwenyewe anashika usukani. Nimeshangilia kabisa, halafu nikakasirika kwa sababu pambano wamelifanya la giza mno, kwenye tivii ya nyumbani unaona mawimbi meusi na mikono ya pweza ya Ursula basi, wakati ndo sehemu ambayo huyu binti alitakiwa aonekane uso.