Kuwasikiliza Wakorea Kupitia Nyimbo Zao: Ushauri kwa Wanaoanza Masomo au Kazi Korea Kusini

Wengi wenu mnafika Korea Kusini mkiwa na nyimbo za K-pop tele kwenye simu, mkiamini kwamba mmekwisha kuwafahamu wenyeji kabla ya kushuka kwenye ndege. Nami nilifika hivyo hivyo. Nilichelewa kutambua kwamba tunu za Wakorea hazimo sana katika maneno ya wimbo kama zilivyo katika namna unavyoimbwa, mbele ya nani na kwa ajili ya nani.

Somo langu la kwanza nililipata katika noraebang, vile vyumba vya kuimbia vinavyokodishwa kwa saa, ambavyo vilianzia mji wa Busan mwaka 1991 na kuenea nchi nzima. Tulikwenda huko baada ya chakula cha jioni cha kazini. Mkuu wa idara yetu akashika kipaza sauti, nami nikainamia simu nikitafuta wimbo wangu. Kijana aliyeketi kando yangu aliniwekea tari mapajani bila kusema neno. Mkuu alipofika ubeti wa pili sauti ilimkatika, na papo hapo chumba kizima kikaupokea wimbo hadi pumzi zikamrudia. Hapo hasikilizwi mtu ili apimwe sauti, anabebwa. Basi pigeni tari, na jifunzeni walau wimbo mmoja wa trot, ule mtindo wa zamani wa nyimbo za Kikorea, kwa kuwa wakubwa wenu kazini watafurahi kuusikia kuliko wimbo wowote wa mwaka huu.

Trot ilikua wakati Korea ikitawaliwa na Japani. Mwaka 1935 mwimbaji Lee Nan-young aliimba kuhusu wapendanao waliotengana na machozi ya bandari ya Mokpo, na wasikilizaji wengi wakauona utengano ule kuwa msiba wa nchi nzima. Wakorea wanalo neno han, yaani uchungu uliokaa moyoni miaka mingi bila kupata pa kutokea, na mtaambiwa mara nyingi kwamba ndio roho ya muziki wao. Msilikubali jambo hilo kwa ukamilifu, kwani wanalo pia neno heung, ile raha inayomwinua mtu kitini, na mapigo yale yale ya trot ndiyo yanayowachezesha wazee safarini ndani ya basi. Baada ya mwimbaji Lim Young-woong kushinda shindano la trot la televisheni mwaka 2020, vijana walianza kung'ang'ania tiketi mtandaoni usiku, si kwa ajili yao bali kwa ajili ya mama zao, na kumnunulia mzazi tiketi hiyo wanakuita hyodo, yaani kutimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Utaratibu huo wa umri na utangulizi mtauona hata kwa wasanii wa K-pop, ambao hujifunza kwa miaka kabla ya kutoa wimbo wa kwanza, na wakishautoa huwainamia waliowatangulia, wanaowaita sunbae. Mashabiki nao, badala ya kumpelekea msanii mashada ya maua, mara nyingi hutoa magunia ya mchele kwa jina lake ili wagawiwe wahitaji.

Hata hivyo, msihitimishe kwamba Mkorea ni mtu wa kutii tu. Kosa hilo nililifanya katika insha yangu ya kwanza, na mwalimu alikuwa na haki ya kunirudisha nyuma. Mwaka 1994 mwanamuziki Seo Taiji na wenzake waliushambulia waziwazi mfumo wa shule katika wimbo wao, na vijana wakawapenda kwa hilo. Wimbo wa mwanamuziki Kim Min-ki wa mwaka 1971 ulipigwa marufuku na serikali ya kiimla ya Rais Park Chung-hee, nao ukazidi kuimbwa katika maandamano ya kudai demokrasia. Na Desemba 2024, baada ya Rais Yoon Suk Yeol kutangaza sheria ya kijeshi, wasichana walisimama katika baridi mbele ya Bunge, mikononi wakiwa na taa zile zile wanazopungia wasanii wao ukumbini, wakiimba K-pop pamoja na watu wa umri wa wazazi wao, ambao walikuwa wakijifunza maneno ya nyimbo hizo palepale.