Kabla Hujabeba Bomba la Dawa: Kwa Mabwana Shamba na Mabibi Shamba Wapya wa Muheza

Karibuni Muheza. Hamtamaliza wiki kabla mkulima hajakusimamisha njiani akuulize, "Bwana shamba, nipige dawa gani?" Mwaka wangu wa kwanza nililijibu swali hilo upesi mno, na mzee mmoja akapata hasara.

Shamba lake lilikuwa la minazi iliyochanganywa na michungwa. Mkwezi alikuwa amegoma. Kila akipanda, anashuka mwili mzima umeng'atwa na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Nikashauri wapigwe dawa, wakaisha. Miezi michache baadaye nikaitwa tena. Chini ya minazi vidaka, yaani nazi changa, vilikuwa vimetapakaa, vina madoa meusi na utomvu uliogandia. Mke wa mzee, ambaye siku ile ya kwanza sikuwa nimemuuliza lolote, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mnazi wenye maji moto hauangushi vidaka. Sisi tunalijua hilo tangu utotoni."

Alisema kweli. Anayeangusha vidaka ni mdudu wa jamii ya kunguni, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza upunga, yaani maua ya mnazi, na vidaka vichanga. Mate yake yana sumu, kwa hiyo hahitaji kuwa wengi: wachache tu juu ya mnazi wanatosha kuharibu mavuno, na nazi zinazosalia hukua zikiwa na makovu. Kwa urefu ule ni vigumu kumwona kutoka chini. Maji moto humwinda huko huko juu, usiku na mchana, na kazi hiyo hiyo huifanya kwenye mikorosho.

Basi mkifika shambani tazameni kwanza nani anatawala shina. Mkikuta chungu wadogo wa kahawia wamejaa ardhini na kwenye kitako cha mnazi, jueni maji moto wanafukuzwa. Hawa wadogo, Pheidole megacephala, hustawi pale ardhi inapopaliliwa ikabaki tupu. Mwambieni mkulima afyeke majani badala ya kulima mpaka udongo uonekane, na afunge kamba kutoka mti wenye viota hadi usio navyo ili maji moto wavuke bila kushuka chini. Mkwezi naye msikilizeni, maana maumivu yake ni ya kweli. Apake majivu mikononi na miguuni, na apande asubuhi mapema kukiwa bado na ubaridi.

Kwenye machungwa shida ni nyingine. Nzi wa matunda aliyetoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani ya tunda. Funza hula nyama ya chungwa, tunda likianguka hutoka na kujichimbia ardhini, na huko hugeuka pupa kabla ya kuruka akiwa nzi. Ukipulizia majani, dawa haimfikii funza aliye ndani ya tunda wala pupa aliye chini ya udongo. Kwa hiyo nendeni na kisu, mpasue machungwa yaliyoanguka mbele ya mwenye shamba, aone mwenyewe. Nimeona watu wakibadilika kwa kuonyeshwa hilo kuliko kwa mihadhara yangu yote. Kisha yaokotwe kila baada ya siku chache, yafukiwe kina cha nusu mita au zaidi, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki yakae juani. Na majirani wafanye pamoja, kwani nzi hawajui mipaka ya mashamba.

Kwa wafugaji, tofautisheni mapema mbung'o, yule nzi anayefyonza damu, na kupe. Kupe ana miguu minane, kwa hiyo kitaalamu si mdudu, ila adha anayoleta ni kubwa vilevile: yule wa kahawia anayependa kukaa masikioni hueneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, na ndiyo maana josho, yaani kuogesha mifugo kwa dawa, lisirukwe. Mbung'o hueneza nagana. Ng'ombe hukonda, huishiwa damu, hutupa mimba. Jike la mbung'o halitagi mayai kwa mamia kama nzi wa nyumbani, huzaa funza mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Udhaifu huo ndio uliotumika kumtokomeza Unguja. Mbung'o walizalishwa hapa Tanga, madume wakahasiwa kwa mionzi, wakaanza kumwagwa kwa ndege mwaka 1994, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Kijijini hamtakuwa na ndege, lakini mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa inasaidia, kwa kuwa kila jike anayekufa ni pengo lisilozibika haraka. Mkienda vichakani upande wa Pangani na Saadani, msivae rangi hizo, maana ndizo zinazomvuta mbung'o.

Wenye kuugua kwa sababu ya mbu nao watawauliza, kwa sababu mko karibu kuliko zahanati. Anofelesi wa malaria huuma usiku, chandarua kinamfaa. Kuleksi, anayeeneza vimelea vya matende na mabusha huku pwani, naye huuma usiku, ila huzaliana kwenye maji machafu ya vyoo na mifereji, kwa hiyo ombeni kwa adabu kuonyeshwa choo. Aedesi wa dengi huuma mchana, chandarua hakimzuii. Dengi ilipozuka mwaka 2019, Tanga ilipata wagonjwa. Aedesi hutaga penye maji kidogo yaliyotuama: makopo, matairi, na vifuu vya nazi vilivyoachwa uani baada ya kukuna. Mkimaliza kukagua minazi ya mtu, piteni uani mvifudikize vifuu pamoja naye, ndipo muage.